Picha Niliyoikata Ikamfukuza Mwalimu wa Binti Yangu

Nimekosa, na sitazunguka. Nilimsingizia mtu asiye na hatia, nikatumia jina la dini kumsingizia, na walioumia ni watoto saba. Mmoja wao nilimzaa mimi.

Jina langu naliweka kando. Si kwamba najificha, maana hapa Garissa wote wanaohusika wananijua. Naliweka kando kwa ajili ya binti yangu. Yeye nitamwita Hodan, ambalo si jina lake.

Nauza nguo sokoni, dirac na baati na mitandio. Kiswahili changu nimekiokota huko huko kwa wateja wageni, kwa hivyo mnivumilie. Nina watoto wanne na Hodan ni wa tatu. Ana miaka tisa. Daktari alituambia ana usonji. Kabla hatujalijua neno hilo watu walikuwa na maneno yao. Mama mkwe alisema ni jini. Tulimsomea Kurani, na kisomo kilimtuliza, sitasema uongo. Lakini kikiisha alirudi kupanga viatu vyetu mlangoni, kimoja kimoja, na ukisogeza kimoja analia mpaka sauti inamkauka.

Kilichokuwa kikiniuma zaidi ni hadithi. Mama yangu mzazi, ayeeyo, yaani bibi wa watoto, ni mtu wa Sangailu na kwa kusimulia hana mwenzake. Akianza habari za fisi na mbuzi, hata watoto wa majirani wanakuja kukaa. Hodan alikuwa anainuka anaondoka. Ukimwambia fisi amemla mama mbuzi na vitoto vimebaki peke yao, hana habari. Dada yake akilia mbele yake anampita kama anavyopita ukuta. Mama yangu alinung'unika kwamba maneno yanamfikia yanaanguka chini.

Ndipo akaja mwalimu. Nitamwita Mwende, nalo si jina lake. Alitoka Kitui, msichana wa miaka ishirini na kitu, akapewa darasa la watoto wenye mahitaji maalum katika shule ya msingi iliyo karibu na kwetu. Alikuja na tableti nne alizopewa na wafadhili, na ndani yake kulikuwa na programu ya hadithi.

Siku ya kwanza alituita wazazi akatuonyesha. Hadithi inakwenda kwa picha na sauti, halafu inasimama. Inauliza: huyu ni nani? Ana nini usoni? Kwa nini analia? Sasa nini kitafuata? Mtoto anagusa picha. Akikosea, haimgombezi wala haimharakishi. Inarudia polepole, tena na tena, hata mara hamsini. Mwalimu alisema watoto wetu hawakatai hadithi, bali mtu anayesimulia anakwenda mbio, na uso wake unabadilika kila wakati, na wao hawajui washike nini.

Mimi nilikaa nyuma na mikono nimeikunja. Nilimchukia tangu siku hiyo. Niliona mtoto wa juzi ambaye hajazaa ananifundisha mwanangu ni nani.

Akaomba tumletee picha za nyumbani kwetu, za mama, baba, mbuzi, jiko, ili atunge hadithi za kila mtoto. Akaomba pia tusome maneno kwa sauti zetu, kwa Kisomali, yeye ayaweke ndani. Alisema Hodan ataielewa sauti ya hooyo, mama yake, kuliko sauti ya mgeni. Nilimwambia nina kazi. Akanikumbusha mara tatu, nikamwambia maneno yale yale.

Mume wangu ndiye aliyetoa picha. Yeye hununua mifugo, anasafiri mpaka Diff, anakaa wiki nzima, lakini akiwa safarini alimtumia mwalimu picha zote zilizokuwa kwenye simu yake. Moja ilikuwa yangu. Nimesimama jikoni, nimeshika mwiko, napigia kelele kitu ambacho hakionekani pichani. Sikujua kwamba ametuma hiyo.

Miezi michache ikapita na mtoto akaanza kubadilika. Siku moja mdogo wake alianguka akachubuka goti. Hodan alisimama akamtazama. Akasema, kwa Kiswahili kile cha tableti, "Huzuni." Kisha akaenda akaleta kikombe cha maji akakiweka karibu naye. Mama yangu alilia pale pale. Alipoanza tena hadithi ya fisi jioni ya siku hiyo, Hodan alikaa mpaka nusu, akanyoosha kidole akauliza, "Mama mbuzi wapi?"

Mzazi mwingine angesujudu. Mimi niliona wivu. Miaka tisa nimembeba, nimemwosha, nimetukanwa barabarani kwa ajili yake, na maneno yake ya kwanza yenye maana amepewa na mtu baki. Akifika shuleni alikuwa anakimbia kwa mwalimu. Akirudi nyumbani ananipita anakwenda kwenye viatu.

Halafu ikaja siku ya wazazi. Kila mtoto alikuwa aonyeshe hadithi yake mbele yetu. Zamu ya Hodan ilipofika alikaa kwenye mkeka na tableti mapajani. Hadithi ilikuwa ya nyumbani kwetu. Aabo, baba yao, anafika na mbuzi, mdogo wake anacheza, ayeeyo anakunywa chai. Alijibu yote bila kukosea. Wanawake wakaanza kunitazama kwa furaha, na mimi nikaanza kujisikia.

Ikatokea picha yangu na mwiko. Ile sauti ikauliza, "Hooyo anahisi nini?"

Chini kulikuwa na nyuso nne: furaha, huzuni, hofu, hasira. Hodan hakufikiri hata kidogo. Akagusa hasira. Tableti ikampongeza.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alikohoa. Mwalimu akatabasamu akasema ni vizuri sana, ameusoma uso, na mama anaweza kuleta picha nyingine waongeze. Nilijua kichwani mwangu kwamba huyu msichana amepanga kuniaibisha, amechagua picha hiyo makusudi, amemfundisha mwanangu aniseme mbele za watu. Leo naweza kusema kweli, kwamba mtoto alijibu sawasawa. Siku ile nilitoka bila kuaga.

Kosa langu lilianza wiki iliyofuata.

Mwalimu alikuwa na desturi ya kututumia kurasa za hadithi kwenye simu ili tuzirudie nyumbani. Kulikuwa na moja iliyoitwa Hodan Anaenda Hospitali. Ilikuwa inawafundisha watoto wasiogope sindano, maana mwalimu ndiye aliyewapeleka kuchanjwa: unabisha hodi, unakaa, unanyoosha mkono, unahesabu mpaka kumi, imekwisha, unarudi nyumbani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jengo la zahanati, kitanda, mtoto, na muuguzi aliyejifunga hijabu, maana mwalimu aliona vyema watoto waone watu wanaofanana na mama zao. Ukutani kulikuwa na alama nyekundu ya msalaba kama ile inayochorwa kwenye visanduku vya dawa.

Nilikuwa dukani peke yangu. Nikaichukua hiyo picha nikaikata kwenye simu. Nikamtoa muuguzi, nikatoa kitanda na maneno, nikabakiza ukuta na ile alama na nusu ya uso wa mtoto. Nikaituma kwenye kundi la wazazi. Chini yake nikaongeza ujumbe wa sauti, nikasema jamani, tumechunguza watoto wetu wanafundishwa nini katika hizo hadithi?

Nilijua ni zahanati. Naomba mlielewe hilo kabla hamjanitafutia udhuru. Nilijua.

Kufikia adhuhuri picha ilikuwa imetoka kwenye kundi letu imefika misikitini na sokoni. Wateja walinionyesha picha niliyoikata mwenyewe, wakiniuliza kama nimesikia habari za yule mwalimu. Nilitikisa kichwa nikasema ni masikitiko. Kila aliyesimulia aliongeza lake. Mmoja alisema anawabatiza watoto. Mwingine alisema picha zao zinauzwa nje. Sikumrekebisha yeyote.

Asubuhi ya pili wazazi walijaa kwenye uwanja wa shule, na wengi hawakuwa hata na mtoto katika darasa lile. Mkuu wa shule alikuwa anatoka jasho. Mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mpole, aliomba watu wakae chini na hakuna aliyekaa. Mwalimu Mwende alitoka darasani na tableti mkononi. Aliomba awaonyeshe hadithi nzima, ukurasa kwa ukurasa. Mtu akapiga kelele kwamba hatutaki kuona uchafu huo. Mwingine akamwambia arudi kwao kabla hajarudishwa.

Nilikuwa mstari wa mbele. Akaniona. Akaja mpaka karibu yangu, akaongea kwa sauti ya chini kama vile tuko wawili tu.

"Mama Hodan, hadithi hii unaijua. Nilikutumia mwenyewe. Waambie."

Nilikuwa na nafasi. Maneno mawili tu yangetosha, na watu wangeninung'unikia wakaenda zao.

Nikasema, "Mimi najua nilichokiona."

Hakulia wala hakubishana. Akaiweka tableti juu ya dawati lililokuwa nje, akaingia ofisini. Kesho yake alipanda basi la asubuhi, na polisi wawili walimsindikiza mpaka kituoni kwa sababu mkuu wa shule alihofia usalama wake. Tableti zote nne zikafungiwa kabatini. Darasa likapewa mwalimu wa muda, na baada ya wiki mbili likafungwa kabisa.

Mimi nilirudi dukani nikiwa nimeshinda. Ndivyo nilivyojisikia, na ni aibu kuliandika.

Ushindi huo haukukaa. Hodan alikuwa anaamka, anavaa sare, anasimama mlangoni. Nikimwambia hakuna shule hanielewi, kwa sababu aliyekuwa akimwonyesha mabadiliko kwa picha, leo hivi, kesho hivi, nilikuwa nimemfukuza. Akaanza kupiga kichwa ukutani. Yale maneno machache yakaanza kupotea, moja baada ya jingine. La mwisho kupotea lilikuwa huzuni. Mama yangu akisimulia, alikuwa anaziba masikio.

Kisha akakanyaga mwiba wa mathenge. Anayeishi huku anaujua mwiba huo, unatoboa hata ndala, na usipotibiwa mapema unaoza ndani. Hodan hakusema. Hakujua tena jinsi ya kusema. Nilikuja kugundua siku ya tatu kwamba anachechemea, na nilipogusa mguu alinipiga teke la uso.

Tulimpeleka hospitali, mimi na mume wangu. Walihitajika watu wanne kumshika. Alimng'ata mtu mmoja mkononi mpaka damu. Sindano ilivunjikia ndani ya godoro. Mwiba ulitolewa, lakini kila walipofunga kidonda alikifungua, na kila walipokuja kukisafisha alipigana nao kama mtu anayechinjwa. Muuguzi mmoja mtu mzima alimtazama sana, akaniuliza kama huyu si yule msichana aliyeletwa na mwalimu wake wakati wa chanjo. Nikasema ndiye.

"Yule alinyoosha mkono mwenyewe," akasema. "Alihesabu mpaka kumi, akatuambia imekwisha. Mmemfanya nini?"

Mume wangu akanigeukia kusikia jibu.

Usaha uliingia kwenye mfupa. Wakamkata vidole viwili vya mguu wa kushoto.

Siku aliyotolewa nilimweleza mume wangu. Nilimwambia kila kitu, picha, kuikata, nilivyosimama uwanjani. Nilitarajia anipige au anitukane, na nafikiri nilitaka afanye hivyo. Badala yake akasema hanitaki chumba kimoja naye mpaka niende nikawaambie wale wazazi maneno hayo hayo niliyomwambia yeye, bila kupunguza. Akaniambia pia kwamba ile picha yangu na mwiko aliipiga akicheka, aliipenda, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nawafokea mbuzi.

Nilienda. Mwenyekiti wa kamati aliita mkutano darasani mule mule. Nilisimama nikasema. Nilitoa simu nikawaonyesha picha nzima kwanza, halafu ile niliyoikata.

Mzee yule hakuinua sauti. Alisema nimefanya dhambi mbili, kumzulia mtu, na kuichukua dini ya watu kuifanya kisu changu. Alisema yeye mwenyewe atajibu kwa Mungu kwa kutokaa chini kuitazama hadithi ile siku ile. Wengine hawakuwa na upole wake. Mama mmoja, ambaye mwanawe alikuwa na usonji kama wangu, alinijia akasimama pua kwa pua na mimi.

"Mwanangu alikuwa ameanza kunionyesha anaumwa wapi," aliniambia. "Tumbo, sikio, jino. Alikuwa anagusa picha. Sasa anapiga mayowe na mimi nabahatisha. Wewe una vidole viwili vya kulilia. Mimi nalilia nini, abaayo, dada yangu?"

Mpaka leo hanisalimii. Nikitoa salamu anaijibu kwa sababu ni wajibu, na macho anayapeleka kwingine. Wanawake wengine wanakuja dukani, wanachagua nguo, wanaondoka. Zamani walikuwa wanakaa, tunakunywa chai ya maziwa ya ngamia, tunasengenya. Kiti cha wageni sasa nimekigeuza cha kuwekea mitandio.

Kabati lilifunguliwa. Tableti mbili betri zilikuwa zimevimba, hazifai. Mbili ziliwaka, lakini hadithi za watoto zilikuwa zimefungwa kwa neno la siri alilolijua mwalimu peke yake. Mkuu wa shule akanipa namba ya mwalimu. Alisema ni juu yangu kupiga simu hiyo.

Nilipiga siku nne mfululizo. Ya tano alipokea. Nikajitaja, na kabla hajakata nikamwaga yote, nikilia, nikiomba msamaha kwa Kiswahili kilichovurugika. Aliniacha nimalize.

"Unataka nikwambie nimekusamehe ili ulale," akasema. "Sijakusamehe. Ndani ya lile basi nilikaa nimeinamisha kichwa, nikisubiri mtu aniite jina. Kila tuliposimama kwenye kizuizi cha barabarani nilijua ni mimi wanayemtafuta. Mama yangu hataki nifundishe tena mbali na nyumbani. Hilo ulilifikiria?"

Nikasema hapana.

"Basi lifikirie."

Nikasikia watoto nyuma yake, nadhani alikuwa darasani. Akaniuliza Hodan yukoje. Nikamwambia habari ya mguu. Alipojibu sauti yake ilikuwa imebadilika, si kwamba ilikuwa laini, ilikuwa imechoka. Akanitajia neno la siri, herufi kwa herufi, akahakikisha nimeliandika. Akasema hadithi hazisomeki zenyewe, zinahitaji mtu wa kukaa na mtoto kila siku saa ile ile, na nisimharakishe. Kisha akaniomba nisimpigie tena.

Sijampigia.

Sasa nakaa na Hodan kila siku baada ya alasiri. Nimesoma hadithi kwa sauti yangu, kwa Kisomali, kama nilivyoombwa zamani nikakataa. Wiki tatu za kwanza akisikia sauti yangu alikuwa anaifunika tableti kwa mkono na kuondoka. Wakati mwingine anakaa sasa. Juzi alifika ukurasa wa nne. Hajasema neno. Daktari hakuniahidi kitu, na mimi siulizi.

Wale watoto sita wengine wako majumbani. Darasa halina mwalimu. Mkuu wa shule ameomba, na wawili walikubali kuja, lakini kila mmoja aliuliza kwanza huyu aliyekuwepo aliondoka kwa nini. Amenieleza wazi kwamba hawezi kuwadanganya. Anawaeleza yaliyotokea na aliyeyafanya. Wote wawili walikataa.

Kwa hivyo wewe mzazi unayesoma haya, una mtoto ambaye mgeni amempatia njia uliyoshindwa wewe, na moyo unakuchoma. Najua unavyochoma. Nenda ukakae kwenye ule mkeka, uulize, uonyeshwe, hata kama utaona haya. Na ukiletewa kwenye simu neno la kumharibia mwalimu jina, usilipitishe mpaka umemkalisha mwalimu mwenyewe ukamsikia. Mimi nilichukua dakika moja kutuma. Hodan bado anajifunza kutembea na vidole vitatu.